Mkuu Mpya wa Shule na Mambo ya Uwanjani: Nani Humfunza?

Chimbuko la mas'ala

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia gredi ya kumi na kuikuta shule ya upili imegawanyika katika mikondo mitatu, yaani ule wa sayansi, hesabu na ufundi, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo, pameenea baina ya wazazi wa Nyakach, katika kaunti ya Kisumu, kuanzia njia panda ya Katito hata huko juu kwenye uwanda wa Nyabondo, mkanganyiko ambao haukuwapo zamani, wakati michezo ilipokuwa jambo la jioni na Jumamosi. Mzazi huambiwa kwamba michezo sasa ni elimu kamili yenye mkondo wake. Huambiwa tena kwamba Wizara ya Elimu ilikadiria kiasi cha asilimia 15 ya wanafunzi wataufuata mkondo huo pamoja na sanaa. Kisha huitazama shule ya kutwa iliyo jirani yake, yenye kiwanja kimoja ambacho masika hukigeuza bwawa, na mkuu aliyeletwa juzi kutoka kaunti nyingine, akauliza kwa insafu kabisa: bwana huyu, au bibi huyu, amejifunzia wapi kusimamia michezo?

Swali hilo ni la haki, lakini ndani yake yamechanganywa mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa kabla ya kulijibu. Kumfunza kijana kupiga mpira ni kazi ya kocha. Kumsomesha kijana sayansi ya mwili wake, sheria za mchezo na riziki inayopatikana kwa michezo ni kazi ya mwalimu wa somo. Kusimamia michezo ni jambo la tatu, nalo ni kujua nani amesajiliwa na kwa hati gani, fedha zimetoka wapi na zimeishia wapi, watoto wamesafiri na nani na wamelala wapi, na ni nani atakayejibu mambo yakiharibika. Hilo la tatu ndilo linalomwangukia mkuu wa shule, atake asitake, hata kama hajapata kugusa mpira maishani mwake. Na hilo ndilo hakuna aliyemfunza.

Ngazi isiyopita uwanjani

Mwalimu wa Kenya hupanda daraja kwa njia inayojulikana. Huanza darasani, akawa mkuu wa idara, akawa msimamizi wa masomo au naibu, na hatimaye Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humkabidhi shule. Katika ngazi hiyo yote, unaibu ndio unaopaswa kuwa chuo cha ukuu, kwa kuwa naibu huona faili zote na husikia mashtaka yote. Walakini naibu wa kawaida katika shule zetu hushughulikia nidhamu, ratiba na zamu za walimu, na ofisi yake, kwa maana ya mfano na mara nyingi kwa maana halisi, imekipa kiwanja kisogo. Michezo hupewa mwalimu mmoja wa somo lolote, aghalabu kijana, aliyeonekana siku ya kwanza amevaa viatu vya raba, akaambiwa: filimbi hii, ghala lile pale. Mwalimu huyo ndiye atakayejua siri zote za jambo hili kwa miaka kumi, wala hatapanda cheo kwa sababu yake. Aliyepanda cheo ni mwingine, naye hakujua.

Kipimo cha sifa nacho kimechangia. Serikali ilipiga marufuku kuzipanga shule kwa matokeo ya mitihani mwaka 2014, lakini wastani wa alama za KCSE haukuacha kuwa mizani ambayo wazazi, wabunge na bodi humpimia mkuu, na mtu hujifunza kile anachopimiwa. Kipindi cha mazoezi ya mwili kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani. Darasani, hususan katika kidato cha nne, mara nyingi kimekuwa kipindi cha hesabu.

Na bado taklifu ya kisheria haikumsubiri mkuu ajifunze. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya katibu wa Bodi ya Usimamizi, na hesabu za shule zinapokaguliwa, yeye ndiye huulizwa. Orodha ya wachezaji inayopelekwa kwa chama cha michezo cha shule za upili, KSSSA, hupita chini ya muhuri wake. Akitokea mchezaji aliyepita umri, au aliyehamia shuleni bila kufuata masharti ya uhamisho, timu hutolewa mashindanoni na fedheha huandikwa kwa jina la shule. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010, uhusuo kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, haukomei kwenye lango la shule. Unamfuata mwalimu katika safari na katika bweni la kuazima ambamo timu ya wasichana hulala wakati wa mashindano. Basi la shule, ambalo tangu sheria ya 2017 limepakwa rangi ya njano ili lijulikane, si ruhusa kuliendesha usiku kama matatu. Mambo haya yote ni ya mkuu, naye aghalabu huyajua moja moja, kila moja kwa tukio lake.

Ushindi ulio deni

Fedha zastahili sehemu yake peke yake, kwa kuwa hapa ndipo mkuu mpya hupata somo la kwanza na chungu zaidi. Tangu 2018 serikali imeahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa kwa mwaka, na ndani ya kiasi hicho kuna fungu la shughuli za nje ya darasa, michezo ikiwemo. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, alikiri mbele ya wabunge kwamba hazina haiwezi kutimiza kiasi kile kwa ukamilifu. Lakini hata kama kila senti ingefika na kufika mapema, ila kubwa ingebaki palepale: fungu hutolewa kwa kichwa cha mwanafunzi, ilhali gharama ya michezo hutozwa kwa kichwa cha timu. Shule yenye wanafunzi 1,500 na shule yenye wanafunzi 200 hukodi basi la ukubwa ule ule, hununua mipira ya bei ile ile, na hupeleka wachezaji wa idadi ile ile. Ya kwanza hulipa kwa fungu la watu 1,500, na ya pili kwa fungu la watu 200. Basi shule ndogo za tambarare, zilizozaliwa kwa wingi katika miaka hii ya elimu ya kutwa, huingia mashindanoni zikiwa na deni kabla ya kupiga mpira wa kwanza.

Kisha huja jambo la ajabu zaidi, ambalo wakuu wakongwe hulijua na wapya hawalijui mpaka liwakute. Mashindano ya shule hupanda kwa daraja, kutoka mtaa hadi kaunti ndogo, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo zima la Nyanza, kisha taifa, na kwa wachache ni mashindano ya Afrika Mashariki, ambayo 2024 yalifanyika Mbale, Uganda, na 2025 yakaja Kakamega. Kila daraja ni mwendo mrefu zaidi na siku nyingi zaidi za kula na kulala. Timu iliyoshindwa siku ya kwanza haina gharama. Timu iliyoshinda Jumamosi itataka basi, chakula na posho za walimu juma lifuatalo, na ikishinda tena, mara mbili ya hapo. Makadirio ya fedha ya shule nyingi yameandikwa kana kwamba timu itashindwa mapema. Kwa hiyo mkuu mpya huweza kujikuta, siku ambayo wanafunzi wake wanaimba langoni na wazee wa kijiji wamekuja na ngoma, ndiye mtu peke yake katika umati ule asiyejua acheke au alie, kwa kuwa yeye ameona hesabu. Hapo ndipo fungu la umeme huazimwa likapelekwa kwenye basi, hapo ndipo wazazi huchangishwa kwa ghafla bila idhini ya bodi, na hapo ndipo mkaguzi wa mwaka ujao atakapotia kidole.

Haya hayamo katika kitabu chochote alichosoma akiwa mwanachuo wa ualimu. Swali basi ni wapi angeyapata, na hapa rai za watu zimetofautiana.

Rai ya kwanza: mkuu na aingie uwanjani mwenyewe

Wenye rai hii wana mfano mkubwa karibu nao. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, ilipata mwaka 1928 mkuu aliyeitwa Edward Carey Francis, aliyeacha kazi ya kusomesha hesabu katika chuo cha Peterhouse huko Cambridge akaja kukaa kandokando ya ikweta. Alikaa Maseno hadi 1940, kisha akaiongoza Alliance hadi 1962. Mtu huyu aliipenda kandanda mapenzi ya dhati, akaicheza pamoja na wanafunzi wake na kuwafunza mwenyewe, kwa itikadi iliyokuwa ya shule za Kiingereza za zama zake, kwamba tabia ya mtu hujengwa uwanjani kama ijengwavyo darasani na kanisani. Katika mfumo huo swali letu halikuwa na nafasi ya kuzuka: mkuu alijua michezo kwa sababu michezo ilikuwa sehemu ya ukuu.

Nguvu ya rai hii ni kwamba jicho la mkuu lililo uwanjani kila jioni huona mambo ambayo hayataandikwa katika ripoti: kijana mwenye ndevu aliyejiunga muhula huu bila mtu kumjua, kocha mkali kupita kiasi, msichana anayekwepa mazoezi bila kusema sababu. Hakuna mkaguzi aliye bora kuliko macho yaliyozoea.

Lakini Maseno ya 1928 ilikuwa shule ya bweni yenye vijana wachache waliochaguliwa, wote wavulana, chini ya mkuu asiye na familia ya kumngoja nyumbani, asiyeulizwa hesabu na bodi iliyochaguliwa, asiye na zabuni za mahindi na maharagwe za kufungua. Mkuu wa leo ni mwajiri wa wapishi na walinzi, ni mtu wa mahakama, ni mjumbe wa mikutano isiyokwisha. Isitoshe, mapenzi ya mkuu kwa mchezo mmoja yana dhuluma yake. Katika nchi hii ya ziwa, ambako kandanda ni ibada ya pili na jina la klabu ya Gor Mahia husikika hata mazishini, mkuu mpenda mpira ataijenga timu ya wavulana na kuiacha timu ya netiboli ishone jezi zake yenyewe. Kupenda mchezo na kusimamia michezo si kitu kimoja. Wakati mwingine la kwanza hulizuia la pili.

Rai ya pili: mwachieni mwenye fani

Rai hii ndiyo inayofuatwa na wengi, wengine kwa kukusudia na wengine kwa uvivu. Husema: mkuu hajui magongo wala raga, basi na amtafute ajuaye, ampe uwezo, asimwingilie. Hujja zao nazo ni nzito. Shuleni Kakamega, timu iliyoitwa Green Commandos iliogopwa Kenya nzima chini ya kocha Chris Makokha, na wakuu wakaja wakaenda. Shuleni St. Patrick's, Iten, alifika mwaka 1976 Mwairlandi mmoja, Brother Colm O'Connell, kusomesha jiografia. Hakuwa na elimu ya riadha, akaipokea timu kutoka kwa mwalimu Mwingereza aliyekuwa akiondoka, akajifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Kutoka mikononi mwake akatoka Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988, na miaka mingi baadaye David Rudisha. Hata hapa Kisumu, majina ambayo watu huyafungamanisha na shule, Kisumu Day na kandanda, Sinyolo na magongo ya wasichana, Maseno na mpira wa vikapu, hayakujengwa na wakuu bali na walimu wa michezo waliokaa.

Neno hilo "waliokaa" ndilo kiini. Mkuu ni msafiri. Tume huhamisha wakuu, na katika miaka iliyofuata 2017 iliwahamisha kwa wingi mno kutoka kaunti zao za nyumbani, hata mtu aliyezaliwa milimani akajikuta akiongoza shule ya kando ya ziwa ambako hata salamu alihitaji kufundishwa. Mwalimu wa michezo ndiye kumbukumbu ya shule. Anajua ni wazazi gani watachanga, ni kiwanja gani hakifuriki, ni dereva gani asiyelewa. Mkuu mpya asiyemsikiliza mtu huyu ni mjinga wa kujitakia.

Na bado humo humo mna hatari, nayo ni kubwa kuliko ya rai ya kwanza. Timu inayoshinda huwa dola ndani ya dola. Huanza kwa jambo dogo na jema: wachezaji hupewa maziwa ya ziada. Kisha wafadhili huja, wanafunzi wa zamani wenye mapenzi na fedha, wakalipa karo ya kijana fulani aliyeonekana akicheza katika shule nyingine. Fedha hizo hazipiti katika benki ya shule, kwa hiyo mkuu hazioni. Kisha kijana huyo huhitaji hati za uhamisho haraka. Mkuu mpya hufika akaikuta timu imekwisha kuwa fahari ya wilaya, na kila swali analouliza husikika kama uadui. Atauliza umri wa mshambuliaji, aambiwe: mwalimu, hujui mambo ya hapa. Naye kweli hajui, ndiyo maana hunyamaza. Na ukimya wake huwa ndio idhini.

Upeo wa hatari hiyo ulionekana mbali na hapa. Katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, Joe Paterno alikuwa kocha mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani tangu 1966, na alipokuja rais wa chuo Graham Spanier mwaka 1995, alimkuta kocha ambaye kwa heshima na kwa umaarufu alimzidi mwajiri wake. Mnamo Novemba 2011, baada ya msaidizi wa zamani wa timu kushtakiwa kwa kuwadhulumu watoto kwa miaka mingi, wote wawili waliondolewa usiku mmoja. Wamarekani waliandika vitabu juu ya jambo hilo; sisi yatutosha kuliona umbo lake, kwamba aliyekabidhi mamlaka bila kubaki na uwezo wa kuuliza hakukabidhi kazi, amejivua ofisi na kubaki na lawama.

Rai ya tatu: darasa la wakuu

Serikali iliona tangu zamani kwamba mwalimu hodari si lazima awe mtawala hodari. Mwaka 1981 ilianzisha taasisi ya kuwafunza wasimamizi wa elimu, KESI, ambayo mwaka 2010 ilipewa jina la KEMI, na walimu wengi wameshika stashahada yake ya uongozi. Humo hufunzwa fedha, ununuzi, sheria na utumishi. Rai ya tatu husema: basi na michezo iongezwe humo, jambo likaisha.

Sina la kulipinga, ila ni rai nyepesi. Mafunzo ya jumla huwafikia watu wengi wakiwa wamekwisha kukalia kiti, na kanuni ya fedha iliyosomwa ukumbini haimwambii mtu afanye nini timu inapofuzu kwenda taifa siku nne kabla ya safari. Wakuu wenyewe hukutana kila mwaka Mombasa chini ya chama chao, KESSHA, na aghalabu mtu huvuna zaidi kwenye baraza ya hoteli, akimsikiliza mkuu mwenzake akieleza alivyoponea chupuchupu kesi ya hati za kuzaliwa, kuliko katika hotuba ya waziri. Hayo ni mafunzo ya kweli, lakini humpata mwenye marafiki, na mkuu mpya wa shule ndogo ya Nyakach, ambaye bodi yake haina hata nauli ya kumpeleka pwani, hana.

Majirani na ng'ambo

Tanzania ilitatua mas'ala haya kwa kuyaondoa mabegani mwa mkuu. Katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini humo, kadiri mashindano yanavyopanda, shule hupotea na badala yake huja timu ya wilaya na ya mkoa, iliyochaguliwa kutoka shule mbalimbali na kusimamiwa na maofisa. Faida yake ni dhahiri: mkuu hana sababu ya kunyang'anya shule jirani mchezaji, kwa kuwa mchezaji huyo atavaa jezi ya mkoa hata hivyo; na gharama za daraja la juu haziiangukii shule moja. Hasara yake ni kwamba fahari ya shule, ile inayomfanya mwanafunzi wa zamani atoe fedha mfukoni miaka ishirini baadaye, hupungua, na pamoja nayo hupungua viwanja vinavyojengwa kwa fahari hiyo.

Uganda imeielekea njia nyingine kabisa. Shule ya St. Mary's Kitende ni mali ya Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa shirikisho la kandanda la nchi hiyo na aliye mwenye klabu ya Vipers. Hapo mwenye shule, mwenye fedha na mjuzi wa mchezo ni mtu mmoja, na shule imekuwa kitalu cha klabu. Mkuu wa shule ya umma wa Kenya akikutana na timu ya namna hiyo katika mashindano ya Afrika Mashariki, anakutana na biashara iliyopangwa, ilhali yeye amekuja na michango.

Marekani ndiyo yenye historia ndefu kuliko wote ya kujiuliza swali hili hili, kwa kuwa vyuo vyake, ambavyo tangu zama za akina Samson Kimobwa na Henry Rono vimewachukua wakimbiaji wetu kwa ufadhili, huongozwa na marais waliopanda kwa utafiti na usomi, kama wakuu wetu walivyopanda kwa masomo. Mwaka 1929 ripoti ya wakfu wa Carnegie ilifichua jinsi wachezaji walivyokuwa wakinunuliwa, na ikamtaja rais wa chuo kuwa ndiye mwenye uwezo wa kuleta marekebisho. Mwaka 1991 tume iliyoundwa na wakfu wa Knight ikasema tena, kwa maneno mengine, kwamba rais ndiye ashike usukani, akitazama uadilifu wa masomo, uadilifu wa fedha, na uthibitisho wa mkaguzi wa nje. Nasaha ilikuwa njema. Walakini Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoruhusu kila chuo kugawia wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka, na fedha za kiasi hicho hazingoji rais ajifunze. Funzo ninaloliona mimi ni kwamba kutangaza mkuu ndiye mwenye mamlaka ni rahisi, na kila kizazi hulitangaza upya. Kumfanya awe na ujuzi kabla mamlaka hayajamfikia ndiko kulikopuuzwa, kwao na kwetu.

Mizani

Ukizitazama rai hizi kwa utulivu utaona kwamba hazigombani kama zinavyodhaniwa, kwa maana kila moja hujibu swali tofauti. Ya kwanza hujibu ni nani aone. Ya pili, ni nani atende. Ya tatu, ni kanuni gani zifuatwe. Swali la wazazi wa Katito, la wapi mkuu hujifunzia, hakuna hata moja inayolijibu, maadamu zote humngoja mpaka amekwisha kuwa mkuu. Hapo wakati wa kujifunza umekwisha kupita. Mtu aliyepewa shule mwezi wa Januari ana majuma machache tu kabla ya michezo ya muhula wa kwanza, na katika majuma hayo ana karo, mitihani na gredi ya kumi isiyo na maabara.

Kwa hiyo naelekea upande wa unaibu. Colm O'Connell, ambaye tumemtaja kuwa mfano wa mwenye fani aliyeachiwa, baadaye aliwekwa kuwa mkuu wa shule ile ile. Yeye alipanda kwa ngazi iliyopita uwanjani, na alipoketi ofisini hakuna aliyeweza kumwambia hajui. Ngazi kama hiyo yaweza kutengenezwa bila sheria mpya: naibu anayetazamiwa kupewa shule na apewe kwanza mwaka mmoja kamili wa kuiwakilisha shule yake katika kamati ya michezo ya mtaa, aandike yeye makadirio ya fedha daraja kwa daraja hata kama timu haitarajiwi kupita ya kwanza, ahakikishe yeye hati za wachezaji, alale yeye na timu safarini angalau mara moja. Mwalimu wa michezo atabaki mtendaji, na atakuwa na mtu wa kumweleza ambaye siku moja atakuwa na muhuri.

Yapo ya kupoteza katika tadbiri hii, wala sitayaficha. Naibu aliye safarini siku tatu ni naibu asiyekuwapo shuleni siku tatu, na katika shule yenye walimu wanane wa serikali pengo hilo huonekana hata na mtoto. Pia kuna hatari kwamba naibu atajifunza mazuri na mabaya pamoja, kwa kuwa kamati za mtaa ndimo mbinu za uhamisho zinamojulikana vyema. La kwanza laweza kupunguzwa shule tatu au nne za jirani zikishirikiana basi na zamu. La pili halina dawa kamili. Ila mkuu ajuaye hila zilivyo ni afadhali kuliko asiyejua, maana huyu wa pili hudanganywa na wote.

Na kwa mkuu ambaye tayari ameketi, asiyepitia ngazi hiyo, liko jambo dogo ambalo lingemfaa kuliko semina. Mkuu anapoondoka humkabidhi mrithi wake hati yenye orodha ya akaunti za benki, funguo, magari, mifugo kama ipo, na kesi zilizo mahakamani. Michezo, ikitajwa, hutajwa kwa idadi ya vikombe kabatini. Hati hiyo na iongezwe ukurasa mmoja: majina ya wachezaji wote waliosajiliwa, shule walizotoka na tarehe za kuhama kwao, nani hulipa karo ya yupi, na kwa njia gani, mwenye basi anadai kiasi gani tangu mashindano ya mwisho, nani huandamana na wasichana wanaposafiri, na funguo za ghala la mipira ziko katika mifuko mingapi. Mkuu anayeondoka na autie sahihi, mwalimu wa michezo autie sahihi, na mwenyekiti wa bodi ausome kwa sauti mbele ya mgeni wao kabla chai haijaletwa.